Hodi ya Nne

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, mstari wa Chamkola ulikuwa umefika asilimia sabini na moja. Watu themanini na kitu waliojaa kwenye mabenchi ya Ushirika wa Mvua waliutazama kama mtu anavyotazama sufuria ya maharage: bila pupa, lakini bila kuliacha jicho liende mbali. Ulikuwa mstari wa kijani ndani ya dirisha la mwanga lililoenea ukuta mzima. Juu yake paliandikwa, Mvua ya Bonde la Chamkola inaandaliwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, Subira yavuta heri.

Maneno hayo ya chini aliyaandika Sekela Mwakibete. Mstari nao ni wake, na dirisha zima ni lake, kuanzia rangi hadi ile namna yake ya kusogea taratibu bila kushtuka, ambayo wenzake wa Ushirika walikuwa wakimsifia kila mwaka kwenye mkutano mkuu. Miaka kumi na miwili alikuwa ameketi ghorofa ya pili akiandika programu za ofisi ile. Kama ungemuuliza Jumatano ni kitu gani amefanya cha maana duniani, angekuonyesha lile dirisha.

Lakini hii ilikuwa Alhamisi. Sekela alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akipekua daftari la majibu. Si kwamba alishuku kitu. Ni mazoea tu, kama mama mwenye nyumba anavyopita kufunua vyungu hata asipokuwa na njaa.

Mvua ya siku hizo, jamani, haikuwa ile ya mababu iliyonyesha ilipojisikia. Ilichungwa. Juu ya kila mlima mkubwa palikuwa na kituo, na kila kituo kilikuwa na vichungaji vyake, mitambo midogo yenye mabawa, saizi ya mwewe, iliyoruka kwenda kuyakusanya mawingu na kuyaswaga hadi kwenye bonde lenye zamu. Kazi hiyo ilichukua wiki nzima. Programu iliyoisimamia waliiita Karani. Kila hatua mpya, Karani alibisha hodi kituoni, kituo kikajibu karibu, kazi ikaendelea. Yote hayo yaliandikwa kwenye daftari la majibu.

Mlima wa kwanza: Hodi. Karibu. Mlima wa pili: Hodi. Karibu. Sekela alishuka na kidole mpaka Mlimbwa, mlima unaochunga mawingu ya Chamkola.

Hodi. Hodi. Hodi.

Baada ya hapo, weupe mtupu. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu.

"Haiwezekani," alisema peke yake. Akaweka kikombe ukingoni mwa meza, kikapinduka, chai ikamwagikia sketi. Hakuifuta.

Aliifungua programu ya Karani na kwenda moja kwa moja kwenye ule mstari, kwa sababu aliujua. Aliuandika akiwa na miaka ishirini na minne, mgeni kazini, tena aliuandika kwa raha: bisha hodi mara tatu, usipojibiwa, ondoka. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake kule Tukuyu. Hodi ya kwanza ni ya kujulisha, ya pili ni ya kukumbusha, ya tatu ni ya kuaga. Hodi ya nne, bibi alikuwa akisema, ni ya polisi. Na mgeni asiyefunguliwa hapigi kelele barabarani kwamba hakufunguliwa. Anakwenda zake kimya, atarudi siku nyingine. Wakaguzi watatu waliusoma mstari ule kwa miaka yote hiyo. Mmoja hata alicheka na kuandika pembeni, "Huyu kalelewa." Hakuna aliyeuliza Karani atarudi lini. Kwa mtu aliyelelewa, swali lenyewe halikuwapo.

Kwa hiyo Karani alibisha Jumatatu, hakujibiwa, akaondoka kwa adabu zake. Kazi ya mvua ya Chamkola ilikuwa imesimama kwenye asilimia thelathini na mbili. Na mstari ukutani ulikuwa sabini na moja.

Hapo Sekela hakuhitaji kupekua chochote, maana hilo nalo alilijua. Mchora dirisha hakuwa Karani. Ukimpa fundi mmoja kazi mbili, kuchunga mawingu na kuzungumza na watu, basi kazi ikimzidi anaacha kuzungumza, na dirisha linaganda. Kwa hiyo aliwatenganisha. Karani afanye kazi. Programu nyingine, Msemaji, ikae ukutani na watu. Kila dakika Msemaji alimwuliza Karani, umefika wapi? Karani akijibu, mstari ulisogea hadi hapo. Karani akinyamaza, Msemaji hakuwatia watu wasiwasi. Aliendelea kuusogeza mstari kwa mwendo wa jana.

Siku tatu Msemaji alikuwa akijiendea. Alikuwa akiwasimulia watu safari ambayo msafiri wake alisharudi nyumbani.

Sekela alitazama saa. Kwa mwendo ule, mstari ungefika themanini saa nane usiku.

*

Themanini. Hilo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya Ushirika. Walilibuni wakulima wenyewe. Mbegu ya siku hizo ilikuwa mtama wa maabara, wenyewe waliuita mtama wa siku tisa. Ukiuloweka, unaamka. Ukishaamka haulali tena: usipopata mvua ndani ya siku mbili, unaoza, na harufu yake unaisikia nyumba ya tatu. Kila kaya ilipewa debe moja kwa mwaka, halina la pili. Sasa watu waligundua kwamba kutoka themanini hadi mia ni siku moja na nusu, muda uleule mbegu inaotaka ndani ya ndoo. Wakatunga msemo wao: themanini, loweka. Watoto waliuimba wakiruka kamba.

"Nimeelewa," alisema Meneja Hizza, Sekela alipomaliza kueleza. "Kaa kwanza, dada."

"Sitaki kukaa, bosi. Nataka ruhusa ya kuurudisha mstari."

Hizza alikuwa mtu wa Lushoto, mpole, mwenye mguu wa kulia usiokunjika. Mguu huo kila mtu pale aliujua ulikotoka. Miaka saba nyuma, kabla ya Msemaji, dirisha liliganda kwenye arobaini kwa saa sita. Lilikuwa tatizo dogo la mtambo. Lakini watu wa Chamkola walikuwa ukumbini wakitazama, na mtu mmoja akasema mvua yao imeuzwa kwa watu wa bonde la Ilangali, na wa pili akasema kweli. Hizza, wakati huo karani wa mapokezi, alisimama mlangoni kuwaomba watulie. Mlango wa kioo ulimwangukia yeye pamoja na watu thelathini juu yake. Alipotoka hospitali alimwita Sekela akamwambia, nitengenezee dirisha lisilogombanisha watu. Sekela akalitengeneza. Na tangu siku ile, haki ya Mungu, hakuna aliyegombana.

"Mstari haujawahi kurudi nyuma," Hizza alisema. "Hata mara moja. Unajua ukirudi leo kutatokea nini? Sisemi hawa watu themanini tu. Mabonde manne yana zamu mwezi huu. Kesho nani ataamini chochote? Kila mtu ataloweka anapojisikia."

"Na tusiporudisha, saa nane wataloweka wote."

"Hawataloweka." Aliinama mezani, sauti akaishusha. "Nimezungumza na fundi sasa hivi. Radi imekipiga kituo. Yuko njiani, atafika juu Jumamosi. Huenda akakitengeneza siku hiyohiyo. Wewe upunguze mwendo. Utambae. Sabini na mbili, sabini na mbili na nukta, sabini na tatu. Usifike themanini, basi. Hakuna atakayeloweka, hakuna atakayeumia, mvua ikirudi tunauachia. Kosa lipo wapi?"

Kusema kweli, Sekela kosa hakuliona. Lilikuwa wazo zuri. Lingemchukua dakika mbili.

"Ghala," alisema mwishowe.

Hizza akafumba macho. Alilijua.

Ghala la mbegu lilipokea mbegu kavu zilizorudishwa hadi Ijumaa saa sita mchana. Ukirudisha, unaandikwa zamu ya pili, Februari. Mvua yake ni nyepesi, mavuno ni nusu, lakini ni mavuno. Ikipita saa sita ya Ijumaa, basi.

"Ukitambaa, watakaa hapo kwenye mabenchi, debe zao kavu nyumbani, mpaka Jumamosi," Sekela alisema. "Na fundi akishindwa?"

"Nimesema huenda akaweza."

"Na mimi nauliza, akishindwa?"

"Sekela." Aligonga goti lake lisilokunjika, mara moja, bila hasira. "Mimi sikwambii useme uwongo wa kuiba. Nakwambia useme uwongo wa kuwafikisha watu nyumbani salama. Nenda kafikirie. Lakini usikae sana."

*

Ngazi za jengo lile zilipitia ukumbini, kwa hiyo mtu hakuweza kwenda kufikiria bila kupita mbele ya waliokuwa wakifikiriwa. Sekela alishuka akiwa ameinamisha kichwa. Mtu akamdaka mkono.

"Wewe binti, umejimwagia chai."

Alikuwa Mama Nyemo, mwenyekiti wa Chamkola, mwanamke mrefu mwenye mdomo mwepesi. Walifahamiana miaka mitano. Kila zamu alimletea Sekela karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye kipande cha kanga, na kila zamu alimdai kipande chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka? Umeachwa?" Wanawake wawili wa benchi la mbele wakacheka. "Haya, hatukuulizi. Tuambie la kwetu. Huyu mstari wako leo anatembea au anakimbia? Maana naona kama anakokota miguu."

Swali jepesi kama hilo. Sekela alikuwa amelijibu mara mia: unakwenda vizuri, mama. Alifungua mdomo kulisema, na hapo ndipo alipogundua kitu ambacho miaka yote hakukijua. Hajawahi kudanganya watu hawa. Dirisha ndilo lililodanganya. Yeye alikuwa akikaa juu, anakunywa chai. Sasa Mama Nyemo alikuwa amemshika mkono, kiganja chake kigumu na cha moto, na maneno matatu yale yalikataa kutoka. Aliyasukuma. Yakakataa.

"Mama," alisema, "usiende mbali. Nashuka tena sasa hivi."

Alipanda zile ngazi mbilimbili.

Kuiondoa ile adabu ya hodi tatu hakukuwa jambo la saa nzima. Alifuta "mara tatu", akaandika "mpaka ujibiwe". Kwa Msemaji alifuta kipande chote cha mwendo wa jana, na mahali pake akaandika kwamba Karani akinyamaza, sema kanyamaza. Mwisho akafuta subira yavuta heri. Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda mrefu kuliko kazi yote iliyotangulia. Alimwona Hizza chini ya mlango wa kioo. Alimwona vizuri kabisa, damu na vyote. Kisha akabonyeza, na kabla woga haujamkamata akatoka mbio kushuka, kwa sababu aliogopa zaidi watu wale wasome peke yao.

*

Mstari haukushuka polepole. Ulikuwa sabini na mbili, kisha ukawa thelathini na mbili. Upande wa kulia wa ukuta ukabaki mweupe, na chini yake herufi zikasema: Tulibisha hodi Mlimbwa Jumatatu. Hatujajibiwa. Tunabisha tena.

Mtoto mmoja akauliza, "Mama, mbona imerudi?" Hapo ukumbi ukalipuka.

"Wameuza!" Jibaba moja la benchi la nyuma lilikuwa limesimama, ndoo tupu mkononi. "Wameipeleka Ilangali! Si niliwaambia?"

"Tangu Jumatatu! Wametukalisha hapa kama magunia!"

Sekela alifika katikati ya sakafu, akasimama mgongo ukielekea dirisha. Alisikia hatua nyuma yake, mguu mmoja wa kawaida na mmoja wa kuburuta. Hizza alikuja, hakumtazama, akaenda kusimama palepale mlangoni alipoangukiwa mwaka ule. Kipara chake kilikuwa kimejaa jasho. Aliufungua mlango wa kioo wote, pande zote mbili, akauegemea ukuta.

"Mimi ndiye niliyeandika," Sekela alisema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Mimi! Sekela Mwakibete! Hakuna aliyeuza. Kituo kimepigwa na radi Jumatatu. Mstari mliouona siku tatu hizi ulikuwa haujui. Ulikuwa unakisia. Niliuandika ukisie, ili msiwe na wasiwasi."

"Ili tusiwe na wasiwasi!" lile jibaba likarudia, na ndoo ikatupwa. Ilimpita Sekela sikioni ikagonga ukuta, pale mstari ulipokuwa.

"Tunga!" Sauti ya Mama Nyemo haikuwa kubwa, lakini yule mtu aliisikia. "Okota ndoo yako, ukae. Amesema ni yeye. Umewahi kusikia mtu wa ofisi anasema ni yeye? Mwacheni amalize."

Tunga aliokota ndoo. Hakukaa.

Sekela akamaliza. Aliwaambia kuhusu fundi na Jumamosi, na kwamba hajui kama kituo kitapona. Akawaambia kuhusu ghala: Ijumaa saa sita, mbegu kavu, zamu ya Februari. "Mkitaka kungoja mvua hii, ngojeni. Mkitaka kurudisha, mnao muda wa kwenda nyumbani na kurudi, mkiondoka sasa. Mimi sijui lipi ni bora. Ningekuwa najua ningewaambia."

Walibishana, walitukana, mmoja alilia. Lakini walibishana wakiwa wanafunga vitenge na kutafuta viatu. Ndani ya nusu saa ukumbi ulikuwa mtupu, umebaki na maganda ya karanga chini na mlango wazi. Tunga alikuwa wa mwisho kutoka. Alipompita Hizza alimtazama mguu, kisha akamtazama usoni, akanyoosha mkono. Hizza akaushika.

*

Mama Nyemo hakuondoka. Alikuwa ameketi benchi la mbele na ndoo yake miguuni, imefunikwa kanga.

"Mama, ghala," Sekela alisema. "Utachelewa."

"Njoo ukae."

Alikaa.

"Mimi kwangu ni juu kule, mpakani na msitu. Toka hapa ni siku nzima ya miguu. Nikingoja themanini nichelewe, nipande wenzangu wameshapanda. Kwa hiyo mimi huloweka kwenye sabini. Miaka mitano naloweka sabini." Akafunua kanga. "Leo alfajiri nimeitia mbegu maji hapo bombani kwenu."

Ndani ya ndoo mtama ulikuwa umevimba, unang'aa. Baadhi ya punje zilikuwa zimeshatoa ncha nyeupe, ndogo, kama jino la mtoto mchanga. Sekela alizitazama. Alitaka kusema samahani, na neno likawa dogo mno kwa ndoo ile, akalia tu. Alilia vibaya, kamasi na vyote. Mama Nyemo hakumbembeleza. Alimwacha alie.

"Ungesema jana," alisema baadaye, "ningekuwa na debe kavu."

"Ndiyo, mama."

"Ungenyamaza leo, tungekuwa wote hivi."

Sekela akaitikia kwa kichwa.

"Mimi sikusamehi leo. Sijui la kesho. Lakini nakwambia yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli." Akazamisha mkono kwenye ndoo, akazigeuza mbegu taratibu ili za chini zipate hewa. "Siku mbili hazijaisha. Zitaisha Jumamosi. Fundi atafika juu saa ngapi?"

"Sijui. Asubuhi, labda."

"Na hayo mawingu yako?"

"Hata kituo kikiamka asubuhi hiyo, mawingu hayawezi kufika kwenu siku hiyohiyo. Sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye."

Ukutani, chini ya yale maandishi, namba ndogo ilibadilika, ikabadilika tena. Mama Nyemo aliikazia macho.

"Hiyo nini?"

"Ni hodi, mama. Inahesabu hodi ngapi tumebisha Mlimbwa."

"Imefika ngapi?"

"Mia mbili na sita."

"Eh! Bibi yako angesemaje?"

"Angesema sina adabu."

"Ndiyo maana hakuwa na zamu ya mvua bibi yako," Mama Nyemo alisema, na kwa mara ya kwanza mchana ule mdomo ukamchezacheza. "Mwenye shida habishi tatu. Acha ibishe."

Meneja Hizza alileta vikombe viwili vya chai, akaviweka kwenye benchi, akaondoka. Jua la saa kumi liliingia kwa mlango uliokuwa wazi, likafika hadi miguuni mwao. Ule mstari wa kijani ulikaa mahali pake, mfupi, kona ya kushoto ya ukuta mkubwa mweupe, na hakuna aliyeuogopa.

"Umesogea?" Mama Nyemo aliuliza. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mbali.

Sekela akautazama vizuri kabla ya kujibu.

"Bado, mama."

"Haya." Akaifunika ndoo yake, akaisogeza kivulini. "Nitakuuliza tena."